Koo la Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kulaza watu. Nikisema hivyo sokoni watu wananiangalia vibaya, kwa hiyo nimezoea kumalizia: mimi ni muuguzi niliyesomea usingizi. Kabla daktari hajashika kisu, mimi ndiye ninayempa mgonjwa dawa ya nusukaputi, kisha nampitishia mrija kooni ili apumue salama mpaka atakapoamka. Hospitali yetu iko juu, Upare ya kusini, na asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni na kusimama nje ya dirisha la chumba cha upasuaji, mweupe, kimya, mpaka jua lipate nguvu. Watu wananiita mama wa usingizi. Watoto wakiniona njiani wanajifanya kusinzia na kukoroma, wapuuzi wale, na mimi nawatisha kwa mwamvuli.

Mtu anapoingia usingizini husema mambo. Mfugaji mmoja kutoka kijiji cha Kisiwani, chini ya mlima, aliniomba nikamfungulie mbuzi, jua limeshapanda. Bibi mmoja alitaka kujua kama mlango wa banda la kuku umefungwa. Kijana wa mashamba ya mkonge, aliyetoka mikoa ya mbali kuja kutafuta kazi huku tambarare, alianza kuongea na mama yake kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na mimi nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Mtu anayeondoka habishaniwi. Nimefunga mabanda mengi ya kuku kwa namna hiyo, na mbuzi wa watu nimewafungulia sana.

Na koo, jamani, koo ni kitu cha ajabu. Mgonjwa akishalala namfungua mdomo, naingiza kile chuma chenye taa kwa mkono wa kushoto, nausukuma ulimi pembeni, nainua. Kwanza unaona kinyama laini kinachofunika njia ya hewa tunapomeza. Ukiinua kidogo zaidi zinatokea nyuzi mbili nyeupe, zimeachana kidogo, kama milango miwili ya banda ambayo mtu amesahau kuifunga. Hapo ndipo sauti inapotoka, na hapo katikati ndipo mrija unapopita. Nyuma yake kuna tundu jingine, la chakula, na hilo ndilo adui yangu. Ukiupeleka mrija huko ukadhani umefika kwenye hewa, unajaza tumbo upepo, na mtu anakufia mikononi akiwa na uso wa amani kabisa. Kwa hiyo nasikiliza tumbo kwanza, halafu pafu la kulia, halafu la kushoto, natazama kifua kama kinapanda pande zote, na mtu asinisemeshe wakati huo. Wanafunzi wananiona mkorofi. Waache wanione.

Madhara yapo, sitakudanganya. Meno, kwa mfano. Kuna babu aliyekuja na jino moja la mbele, tena linacheza. Nililifunga uzi, ncha ya uzi nikaibandika shavuni, lisije likadondokea kwenye mapafu. Alipoamka jino lilikuwa limeng'oka, ninalo kwenye kipande cha shashi. Akaniuliza, "Nimekuja na jino, naondoka bila jino, hii ni hospitali gani?" Nikamjibu, "Babu, shukuru umerudi na pumzi." Akanyoosha mkono akadai jino lake, akalitia mfuko wa shati, akaenda nalo nyumbani. Sisi Wapare tunasemwa na watani zetu kwa ubahili, na siku hiyo sikuwa na la kututetea.

Wengine wanaamka koo linauma. Wengine sauti inakwaruza siku mbili tatu, halafu inarudi. Nilikuwa nawaambia hivyo bila hata kufikiri, nimegeuka naandaa vyombo: usijali, itarudi. Nilikuwa nasema tu. Sikujua uzito wake mpaka mama mkubwa alipolala kwenye kitanda changu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo, hata sura yake naikumbuka kwa kubabaisha, na mama mkubwa akanichukua akaniunganisha na wanawe bila maneno mengi. Nyumba yake iko mgongoni mwa mlima, jirani kabisa na ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, la tangu enzi za wazee wetu: maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka kwa mfereji mpaka kwenye mashamba ya tangawizi, mahindi na maharage kule chini, kila upande kwa zamu yake. Walio juu hawawaoni walio chini, na walio chini hawaoni juu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuita. Kwetu mtu huyo ni mama mkubwa, na kabla yake alikuwa mama yake.

Anasimama ukingoni, anaita upande wenye zamu, na haondoki pale mpaka upande ule uitike. Msipoitika, maji hayafunguliwi. Ndiyo sheria, na haina mkubwa wala mdogo. Aliwahi kumnyima maji mzee wa kanisa mzima, kisa alikuwa shambani na redio sikioni, hakusikia akiitwa. Kuna aliyeleta kwenye kikao hoja ya kutumiana ujumbe kwa simu. Thubutu! Mtandao kijijini kwetu unaupata ukisimama juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa, tena mvua isiwe imenyesha.

Sauti yenyewe nitaielezaje? Ilianzia chini, ikapanda, ikakaa huko juu muda mrefu, halafu ikakatika ghafla, pap. Na kabla sijajua kama ni sauti ya maji, niliijua kama sauti yangu mimi. Nilikuwa mtoto wa kuzurura. Nilishuka mabondeni kuokota mapera, nilipotea kwenye ukungu nikifuata vipepeo, na jioni ukungu ule ulikuwa unaongea: "Mwanangu weee!" Popote nilipokuwa niliacha nilichoshika nikaitika, "Abeee!" Nisipoitika aliita tena, na tena, hakuchoka. Hakunifuata hata siku moja. Aliita tu mpaka aitikiwe, halafu akarudi jikoni kwenye makande yake, nami nikapanda.

Rovu lilimwota shingoni polepole, miaka mingi, akalifunika na kanga. Huku milimani wanawake wengi wanalo, hakuna aliyeshtuka. Kisha akaanza kulala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi inambana. Tulimshusha Same akapigwa picha, wakasema likatwe. Daktari bingwa aliyekuwa akipanda kwetu mara mojamoja alilishika, akatazama picha, akanionyesha: njia ya hewa ilikuwa imesukumwa pembeni, tena imebanwa. "Hapa kazi ngumu ni yako kabla haijawa yangu," akaniambia. Nilijua. Shingo ya namna hiyo, ukimpa mtu dawa ya kumlegeza halafu mrija ukagoma kupita, anakuwa hana pumzi yake mwenyewe na wewe huna njia ya kumpa.

Mwenzangu wa usingizi alikuwa masomoni. Nikataka tumpeleke hospitali nyingine akalazwe na mtu mwingine, mtu asiye na undugu naye. Mama mkubwa akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Wewe nani alikuwa anakulaza? Si mimi? Haya, sasa zamu yako." Kisha akanishika mkono, akashusha sauti. "Ila nisikilize. Kateni mnachokata. Sauti yangu mniachie."

Nikamwambia, "Mama, nitajitahidi." Akasema hilo si jibu. Na kweli halikuwa jibu, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, dirisha lote jeupe. Nilimweka nusu ameketi, nikamfunika usoni kile kikombe cha hewa. Dawa ya kulegeza sikumpa. Nilimvutisha hewa yenye usingizi kidogo kidogo, aendelee kupumua mwenyewe, asizame haraka. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha. "Ukungu umeingia ndani," akasema. Haukuwa umeingia. Nikamjibu, "Ndiyo mama, umeingia." Akasema tena kitu, nadhani alikuwa anaulizia zamu ya leo ni ya upande gani, na kope zikashuka.

Nikainua ulimi, nikaziona. Nyuzi mbili nyembamba, nyeupe, zinafunguka na kujifunga na pumzi yake. Nikaganda. Ile sauti iliyonitoa mabondeni, iliyonishusha kutoka juu ya mipera ya watu, iliyonyima wazee maji, kumbe ndiyo hii? Vinyuzi viwili visivyozidi ukucha wa kidole gumba changu? Nilitamani kumwita mtu aje aone. Daktari akakohoa, nikarudi kazini.

Mrija wa kwanza ulipita katikati ya nyuzi, ukagoma chini yake, pale rovu lilipobana. Sikulazimisha, maana koo halitaki ubabe. Niliutoa, nikachukua mwembamba zaidi, nikatanguliza kijiti laini cha kuuongoza, nikauzungusha taratibu, ukapita. Tumbo kimya. Pafu la kulia hewa, la kushoto hewa. Jasho lilikuwa limenishuka mpaka ndani ya glavu, nasema ukweli.

Kumwamsha mtu ni kumwita. Dawa unaizima, lakini mtu mwenyewe harudi mpaka aitwe. Rovu lilikuwa limeshawekwa kwenye beseni, mshono umeshafungwa, na mimi nimeinama sikioni: mama. Mama, fumbua macho. Mama mkubwa! Wapi. Basi nikafanya jambo ambalo wenzangu wananicheka mpaka leo. Nikasimama wima nikaita kama alivyokuwa akiita yeye, kwa sauti ya mlimani, ndani ya chumba cha upasuaji: "Mama weee!" Daktari aliruka. Mama mkubwa akafumbua macho.

Nilipokuwa nautoa mrija, daktari alichungulia pamoja nami. Nyuzi zote mbili zilikuwa zinacheza, kwa hiyo mishipa ya fahamu inayoziendesha ilikuwa salama, namshukuru Mungu na mkono wa yule daktari. Ila uzi mmoja ulikuwa umevimba, mwekundu, pale mrija ulipokwaruza. Mama mkubwa akanitazama, midomo yake ikafanya umbo la neno. Ikatoka hewa tu. Akajaribu tena. Hewa.

"Ni uvimbe," daktari akasema. "Ukipumzishwa utaondoka. Usipopumzishwa unaweza kuota kinundu, ukabaki hivyo hivyo."

Nikampa masharti. Asiongee. Asinong'one, maana kunong'ona nako kunazichosha nyuzi. Asinywe vya moto sana. Nilimwambia mwenyewe, nikamwambia dada yangu, bintiye anayekaa naye, nikarudia mpaka dada akakasirika. "Nimesikia! Unadhani mimi mtoto?" Wakapanda nyumbani.

Wiki zikapita. Dada alikuwa anakwenda kwenye jiwe la nyuma ya kanisa, ananipigia. Bado. Nikisubiri siku kadhaa, ananipigia tena. Bado, tena naona inazidi kukwaruza. Anatii masharti? Anatii, haongei kabisa, yaani hata mimi nimemkumbuka sauti. Mimi mlaza watu nikakosa usingizi. Na nikiupata, naota: niko ukingoni mwa ndiva, nachungulia, na chini ya maji kuna nyuzi mbili nyeupe zinafunguka na kujifunga. Nataka kumwita mama mkubwa aje aone. Halafu nakumbuka nina mrija kooni. Nilikuwa naamka nimejishika shingo, na ukungu uko dirishani, na kwa muda sijui niko upande upi wa usingizi.

Huku nyuma maji yalikuwa yanagombanisha watu. Kamati ya maji ilimweka mtu apige debe asubuhi badala ya kuita. Debe halina upande. Likilia, wote wanadhani ni zamu yao. Siku moja nusu ya kijiji walikimbilia juu na ndoo wakidhani kuna nyumba inaungua. Ndipo wakaamua kuwa kikao kijacho kitapitisha filimbi, mlio mmoja upande huu, miwili upande ule, na mama mkubwa apumzike, ameitumikia jamii vya kutosha. Walisema kwa heshima sana. Dada aliniambia kwamba mama mkubwa alipoelezwa, aliketi jikoni na moto ukazimika mbele yake hakuuchochea. Jioni ndipo, mara hiyo moja tu, akamvuta dada karibu akamwambia kwa hewa yake ile: "Filimbi ni ya refa."

Nikaomba ruhusa, nikapanda. Nilifika siku ya soko, asubuhi, nikamkuta barazani kajifunika kanga, shingo imepona vizuri, mshono umekuwa mstari tu. Baraza lake liko kwenye njia kuu ya watu wote wanaoshuka sokoni. Tukaketi. Ukungu ulikuwa unapita kati ya migomba, watu wanatokea ndani yake wakiwa na matenga ya tangawizi na mikungu ya ndizi, halafu wanapotea tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole na kuumwa."

"Asante."

"Shikamoo bibi." Hao walikuwa wanafunzi, kundi zima. "Shikamoo bibi. Shikamoo bibi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Marahaba. Marahaba."

Kila moja aliikamua. Nilisikia nyuzi zile zikigongana, uvimbe juu ya uvimbe. Wengine walitoka njiani wakaja mpaka barazani makusudi, wamesikia anaumwa, na kila mmoja alimletea chupa ya chai ya tangawizi, ya moto, iliyokolea mpaka inachoma pua. Shikamoo. Marahaba. Umeamkaje? Salama. Nikahisi damu inanipanda kichwani.

"Mama! Si tulisema usiongee?"

Akanigeukia, ameshangaa kweli. "Sijaongea."

"Na hizo marahaba?"

Akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyesoma sana mpaka akaharibika. "Nisiitikie? Mtu kanisalimia, ninyamaze? Nimekuwa nini mimi?"

Nikamrukia dada. "Na wewe ulikuwa unasikia siku zote hizi?"

"Kwani ameongea?" dada akasema. "Mimi namlinda, hata hadithi hamsimulii mtu."

Hee! Nilitaka kulia, nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kitu. Asubuhi ile ile, mimi na utaalamu wangu wote, nilipofika mlangoni nilisema, "Shikamoo mama," nikasimama pale na begi langu begani, sikuingia mpaka nilipoipata marahaba yangu. Wala hatukuwa tumekosea, kwa kufikiri kwetu. Mlimani kwetu salamu haihesabiwi kuwa maneno.

Nikafanya kinachofanywa na wauguzi: nikatoa amri. Nilisimama njiani na mwamvuli. Asimsalimie mtu. Piteni kimya. Ndiyo, hata wewe mzee wangu, shikamoo, lakini pita kimya. Watu walipita wameinamisha nyuso. Watoto walinyata kwa ncha za vidole, wamejishika midomo. Wageni waliokuja waliketi barazani wamekakamaa, mikono magotini, kama watu waliogombana wanaosubiri msuluhishi, na baada ya muda wakaondoka. Mchana njia ikawa kimya kabisa, ukungu tu unapita. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Nilipogeuka nilimkuta mama mkubwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama yangu alijificha. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye mshono. "Wananipita kama kaburi," akasema.

Nilimkumbatia nikamwomba asiseme zaidi. Uchungu nilioupata siku hiyo sijaupata mahali pengine. Nilikuwa nimelinda koo, na mwenye koo nimemtenga na watu. Usiku tulilala chumba kimoja kama zamani, na hakuna aliyemtakia mwenzake usiku mwema, kwa kuogopa.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo kitandani. Nikamkuta amesimama kwenye njia, kwenye ukungu, kanga imelowa umande. Watoto wa shule walikuwa wanakuja, na waliponiona mimi wakasimama kwa woga. Mama mkubwa akamwashiria wa mbele asogee. Akasogea. Akaweka kiganja kichwani pake, akakibonyeza kidogo. Mtoto akanitazama, akamtazama yeye, akasema polepole, "Shikamoo bibi." Kiganja kikabonyeza tena. Mtoto akatabasamu, akakimbia zake. Basi wote wakapanga foleni, mmoja mmoja, shikamoo, kiganja, shikamoo, kiganja. Kuna watundu waliozunguka nyuma wakapanga mara ya pili.

Mwalimu alituma ujumbe kwamba wanafunzi wanachelewa. Mama mkubwa alimtumia jibu aje mwenyewe, na alipokuja naye akaguswa kichwa. Wanaume wazima waliinama. Mwenyekiti wa kamati ya maji alivua kofia, upara wake ukaonekana hadharani, watu wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Chai za tangawizi tuliziacha zipoe. Nikarudi kazini nikiwa mwepesi kidogo, lakini kidogo tu.

Maana sasa hakuna aliyejua. Dada alinipigia kutoka kwenye jiwe lake. Sauti vipi? Nitajuaje, haongei! Nikakumbuka nilichomwambia mwenyewe: usijaribu mpaka muda upite. Alikuwa anatii kwa ukali uleule anaowanyimia watu maji. Kikao kikafika. Filimbi ikanunuliwa Same, yenye kamba ya shingoni, akachaguliwa wa kuipuliza. Wakakubaliana ianze zamu ya upande wetu.

Upande wetu nina kipande cha shamba la tangawizi. Nikaomba siku, nikamjulisha dada, nikashuka shambani alfajiri pamoja na wanawake wengine, tukasimama kwenye mfereji mkavu na majembe. Ukungu ulikuwa umejaza bonde lote, sioni hata jirani yangu wa tatu, naona jembe lake tu. Tulikuwa tunasubiri filimbi. Mmoja alisema kwa chini kwamba hajui kama ataisikia, masikio yake yamezoea mtu.

Huko juu ikaanza sauti. Ilianzia chini, ikapanda, ikakwama katikati, ikavunjika. Kimya. Wanawake wakashusha majembe. Ikaanza tena, na safari hii ilikuja nzito kuliko zamani, ina mchanga ndani yake. Haikufika kule juu ilikokuwa ikikaa. Ilikaa chini kidogo, lakini ilikaa, na ilipokatika ilikatika pap, palepale ilipokuwa ikikatika siku zote. Wala hakuita jina la upande wetu.

"Mwanangu weee!"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mimi ninayeyajua makoo ya watu wa tarafa nzima, langu lilikuwa limezibwa na kilio, hewa inaingia, sauti haitoki.

"Mwanangu weee!"

"Itika, wee!" jirani akanisukuma bega. "Si unaitwa wewe? Unataka tukose maji?"

Na hapo nikatambua kitu kilichonitisha. Hataacha. Ataita mpaka aitikiwe, hana namna nyingine, na kila akiita anazichosha nyuzi zile mbili nilizoziona kwa macho yangu. Nikashika jembe kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikaitoa kwa nguvu zangu zote.

"Abeeee!"

Juu kukawa kimya. Amesikia. Baada ya kitambo mfereji ukaanza kunong'ona kutoka mbali, majani makavu yakatangulia, halafu maji yenyewe. Yalipofika miguuni mwangu, nilikuwa bado naitika.